Miaka Tuliyonusa Vielelezo

Wadogo zangu mliobaki na funguo za chumba cha vielelezo, nilistaafu mwaka jana. Niko nyumbani Mabwerebwere, nafuga kuku, na kila asubuhi saa kumi na mbili mkono wangu bado unatafuta rejista ya kutia sahihi. Habari za vyeo na uhamisho mtazikuta kwenye jalada langu, kama mchwa wameliacha. Hapa nataka kuwaeleza habari ya pua, kwa sababu haikuandikwa ipasavyo popote, na tulioijua tunapungua.

Nilihamishiwa kituo kidogo kando ya barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Jina lake nalihifadhi, waliopo sasa hawana kosa. Nilikuwa nimesimama barabarani miaka mingi, mguu umeanza kulalamika, nikapewa kazi ya kukaa: msaidizi wa mtunza vielelezo. Mtunza mwenyewe alikuwa Sajenti Nehemia, mtu wa Lumuma, mrefu, mkimya, mzee wa kanisa la Anglikana huko kwao, ambaye hakuwahi kuonja pombe hata ya harusi.

"Shikamoo afande," nikamwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Mafua unayo?"

"Sina."

"Vizuri. Mwenzako aliyetangulia alikuwa na mafua mwaka mzima. Hakufaa."

Nikadhani ni utani. Akanifungulia chumba: baiskeli, mapanga, milango iliyong'olewa kwenye nyumba za watu, nyama kavu ya swala iliyokamatwa upande wa Mikumi, na pembeni madumu ya gongo, petroli na dizeli yamepangwa kwa namba. Ndipo akanieleza utaratibu.

Kabla yetu sote, kesi moja ya gongo ilianguka mahakamani pale hakimu alipofungua dumu akakuta maji safi ya bomba. Nani aliyabadilisha haikujulikana, ingawa inasemekana wiki ile kituo kilikuwa na furaha kubwa. Mkuu wa kituo wa wakati huo akaamuru kwamba kila kielelezo cha majimaji kifunguliwe na kunuswa wakati wa kukabidhiana zamu, asubuhi, mchana na jioni, na mnusaji aandike maneno mawili, "Harufu ipo," kisha atie sahihi. Mkuu yule akahama, akaja mwingine, naye akahama, utaratibu ukabaki. Hakuna aliyeuliza kama ulihusu gongo peke yake. Amri ilisema majimaji, na askari akisoma majimaji haongezi maneno yake.

Nehemia alinifundisha kama fundi anavyofundisha. "Usilivamie dumu. Fungua kifuniko, hesabu mpaka tatu, kisha vuta mara mbili. Ya kwanza ni salamu. Ya pili ndiyo ya kuandika. Na ugoro marufuku, pua yako kuanzia leo ni kifaa cha serikali." Yeye alitambua gongo ya ndizi na ya mahindi, iliyopikwa jana na iliyolala, mtu ambaye hajawahi kuitia mdomoni. Wapishi wa gongo tuliowakamata walimheshimu kuliko wateja wao.

Miaka miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Wa tatu, vijana wa kizuizi cha barabarani wakasimamisha lori. Chini ya magunia ya mahindi kulikuwa na madumu kumi na manane ya dawa ya wadudu, ya kupulizia vitunguu na nyanya, hayana lebo wala kibali. Mwenye mzigo, tumwite Kibwana, alikuwa mnene, mcheshi, mwenye afya ya kuonewa wivu. Aliandika maelezo kwamba yale ni maji ya kuoshea lori, na weupe ule ni sabuni.

Maelezo hayo ndiyo yaliyotumaliza. Kama ni maji, kesi hakuna. Mkuu wetu wa kituo, mtu wa kanuni hata akinywa chai, akaamuru tunuse kwa bidii zaidi, ili siku ya hukumu rejista ionyeshe kwamba harufu haikukatika hata siku moja. Sampuli zilikwenda maabara, majibu yakasubiriwa, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Sisi tukanusa. Madumu kumi na manane, kila dumu mara mbili, kutwa mara tatu.

Chumba cha vielelezo kilikuwa kimejaa, kwa hiyo madumu yale yakapangwa nyuma ya kaunta ya mashtaka, chini ya dirisha ambalo halikufunguka kwa sababu ya kutu. Matatu yalivuja. Tukayawekea matambara, na matambara nayo yakaingizwa kwenye rejista, kwa kuwa yalikuwa yamelowa kielelezo. Viti vilikuwa viwili, askari tuko wanne. Nehemia alikalia dumu namba saba miaka minne, na chapati zake za saa nne aliziweka juu ya namba nane.

Siwezi kusema hakukuwa na faida. Mbu waliisha. Mende waliisha. Mijusi walidondoka kutoka darini mmoja mmoja, wengine juu ya jalada lililofunguliwa. Mgeni mmoja wa ngazi ya juu alisema hajaona kituo kisafi namna ile, na mkuu akaibandika barua ya pongezi ukutani juu ya madumu. Mahabusu walioonja vituo vingine walitusifu kwa kukosa kunguni. Kuku wawili wa wizi waliletwa Jumatatu, wakafungwa miguu karibu na dumu namba kumi na moja, Jumanne wakawa wamelala chali. Kwenye safu ya hali ya kielelezo niliandika, "Vimefariki." Tukalaumu ugonjwa wa mdondo.

Kisha tukaanza kulia. Machozi yalikuja yenyewe, hasa baada ya zamu ya asubuhi. Mama mmoja aliyeibiwa mbuzi wanne alikuwa ndiyo anaanza kueleza, akaona machozi yananitiririka, akageuka kwa Nehemia, naye yanamtiririka. Akanishika mkono.

"Jamani, afande, msilie hivyo. Ni mbuzi tu."

Alikwenda kutusifia sokoni. Wiki ile watu walifurika kituoni, wengine na mashauri yasiyohusu polisi hata kidogo, wanataka tu kusikilizwa na askari wenye huruma.

Kichwa kiliniuma kila siku isipokuwa siku ya mapumziko. Tulipima malaria mpaka mpimaji akatujua kwa majina ya watoto wetu, na hakuona kitu. Nehemia akasema ofisi ina giza. Tukaweka balbu kubwa, akasema bado. Mate yalimjaa mdomoni akawa anaongea na leso mkononi. Mikono ikamtetemeka, sahihi ikapinda, mkuu akamwonya aandike vizuri. Mimi vidole vilikufa ganzi, na jasho lilinitoka hata mwezi wa saba. Nilipokuja likizo Mabwerebwere nilipona siku ya tatu, nikasifu hewa ya nyumbani. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilirudi kazini nikanusa.

Aliyenifumbua macho ni mkulima wa vitunguu, mama wa makamo, aliyekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea. Alinikuta nimeinamia dumu.

"We mama askari, unafanya nini hapo?"

"Nakagua kielelezo."

"Kwa pua?"

"Ndiyo utaratibu."

"Hiyo mimi nikiipiga shambani najifunga kitambaa, nasimama upepo unakotokea, na nikimaliza naoga mara mbili. Mume wangu aliisahau mikononi akala ugali, alilazwa wiki nzima. Ninyi mnainusa kwa utaratibu?"

Akatoka mbio. Alikataa kurudi ndani. Alisimama ng'ambo ya barabara, akanitajia namba ya kitambulisho kwa kupiga kelele, nami nikaandika huku malori yakipita katikati yetu.

Nilimweleza Nehemia. Akaondoa leso mdomoni. "Basi itakuwa ni hiyo," akasema. Kisha akaangalia saa, ilikuwa imefika saa nane, akainuka kwenda kunusa.

Nikaenda kwa mkuu. Ofisi yake ilikuwa jengo la pili, ina madirisha mawili na upepo mzuri.

"Unataka nihamishe kielelezo bila amri ya mahakama?"

"Basi tuiombe hiyo amri, Mkuu. Na wakati tunasubiri, tuache kunusa."

"Koplo Zuhura, miaka minne rejista haijakatika. Tukiruka siku moja, wakili wa Kibwana atasema siku hiyo ndiyo tulitia maji. Halafu, mbona mimi siumwi?"

Nikapiga saluti nikaondoka.

Mwezi uliofuata kulikuwa na gwaride la ukaguzi. Nehemia alitoka kunusa akaingia moja kwa moja kwenye mstari. Ikatolewa amri ya kugeuka kulia. Kikosi kikageuka kulia. Yeye akaenda mbele peke yake, taratibu, hadi kwa mkaguzi, akapiga saluti, akafungua mdomo aseme neno, mate yakamtoka, akaketi chini uwanjani. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kabla sijauona uso wake.

Mashtaka yakawa mawili: kulewa kazini, na kunywa vielelezo. Kila mtu aliona ni jambo la wazi. Mtunza gongo anayumba, ulimi mzito, macho mekundu, unataka ushahidi gani tena? Katika kituo kilichonusa kila kitu, hakuna aliyesogea kunusa pumzi ya yule mzee. Akasimamishwa kazi akingojea baraza la nidhamu, na habari ikafika Lumuma kabla yake. Kanisani kwao wakamwondoa kwenye uzee wa kanisa na kwenye zamu ya kusoma masomo, mpaka ukweli ujulikane.

Alirudi siku moja kuchukua sweta lake. "Kazi wakitaka waichukue," akaniambia. "Nimebakiza miezi. Lakini mke wangu akienda kisimani wanamwuliza kama mzee ameshaamka. Miaka thelathini na tano nimeinusa pombe ya watu bila kuigusa, Zuhura. Nikizikwa na jina la mlevi sitapumzika."

Nilikasirika, nasema wazi. Nilikwenda zahanati siku hiyohiyo, nikamweleza daktari, binti mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia. Hakuuliza mengi.

"Mboni za macho yake zilikuwaje?"

"Ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Nukta ya kalamu."

"Mlevi hawi hivyo, mama. Hiyo ni dawa ya wadudu." Akaahidi kuja kutoa ushahidi.

Baraza lilikaa chumba cha mashtaka, kwa sababu ndimo ilimokuwa meza ndefu. Wajumbe walikuwa watatu kutoka nje ya kituo, pamoja na karani. Mlango ulifungwa ili raia wasisikie mambo ya ndani ya jeshi. Madumu yalikuwa pale pale. Nehemia aliambiwa asubiri uwanjani mpaka aitwe. Mimi nikaitwa kwanza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kikao kihamie nje," nikasema. "Hayo madumu ndiyo yaliyomwangusha Sajenti."

Mwenyekiti, mtu wa sauti nene, akatabasamu. "Ninyi mmeyanusa miaka minne?"

"Ndiyo."

"Na mko hai. Karani, fungua."

"Naomba yasifunguliwe, mheshimiwa."

"Koplo, umeshasikika. Fungua madumu sita."

Akainama akavuta pumzi moja ya nguvu, ile ambayo Nehemia alinikataza siku ya kwanza. "Harufu ipo," akasema, na wenzake wakacheka sana. Kisha akaagiza vifuniko vibaki wazi, ili iandikwe kwenye mwenendo kwamba baraza lilikaa na madumu hayo na halikudhurika.

Saa nne tukaletewa chai. Saa nne na nusu mwenyekiti alikuwa anasoma shtaka la kwanza huku machozi yanadondokea kwenye karatasi. Mjumbe wa kulia akavua koti, akafungua vifungo, jasho linamtoka. Wa kushoto alitaka kutoa hoja, akainuka, akasahau hoja, akaketi juu ya dumu namba saba. Karani aliandika mpaka mwisho wa ukurasa akaendelea kuandika mezani.

"Nani amezima taa?" mwenyekiti akauliza. Jua lilikuwa linawaka na balbu yetu kubwa pia.

"Mheshimiwa, tutoke nje," nikasema tena, nami kichwa kinapasuka.

"Kaa chini, shaidi," akasema. Alikusudia shahidi, ulimi ulikuwa umeshachoka.

Daktari alifika saa tano na robo, akafungua mlango wakati mwenyekiti anatapikia ndoo ya kutupia karatasi. Sijapata kusikia binti mdogo akifoka vile. "Nje! Wote nje! Acheni hayo makaratasi!" Tulitoka tunashikana mabega. Akatuweka kwenye bomba la uwanjani, akaamuru mashati yavuliwe na sabuni iletwe, akawa anamulika macho ya kila mmoja. Watu walisimama barabarani kutazama, na nikamsikia mmoja anasema leo wamevimaliza vielelezo vyote.

Daktari akakumbuka alichoitiwa. "Niliambiwa nije nimwangalie mtuhumiwa. Mtuhumiwa ni yupi?"

Karani akanyoosha kidole, kikayumba, kikaishia kwa mwenyekiti. Nehemia alikuwa amekaa kwao wiki tatu anakunywa maziwa, na katika uwanja ule yeye peke yake ndiye aliyesimama wima, na ndoo, anammwagia mwenyekiti maji kichwani.

"Ni mimi, mwanangu," akasema.

"Shikamoo baba. Endelea kumwagia."

Tulipelekwa hospitali, tukatibiwa, tukapona vya kupona. Amri ya mahakama iliyoshindikana miaka minne ikapatikana siku nne. Walikuja wataalamu wenye mavazi meupe na barakoa mpaka kidevuni, wakauliza nani alikuwa mlinzi wa mzigo huu. Nikanyoosha mkono, wakarudi nyuma hatua mbili. Kibwana alipokuja kwa tarehe yake aliniambia, "Pole sana, afande, umekonda," na mbele ya hakimu akaacha kabisa habari za maji ya kuoshea lori.

Sasa mtaniuliza nawaachia nini. Sumu haikai ndani ya ofisi; iandikieni mahakama siku ile ile inapoingia, sampuli ibaki, mzigo uende kwa wenye utaalamu. Pigeni picha, pimeni uzito, fungeni kwa lakiri, na pua zenu zikae mbali. Sare iliyorukiwa na dawa isiende nyumbani kuchanganywa na nguo za watoto. Ukiona machozi na mate na mboni zimekuwa nukta, toka nje kwanza, ruhusa utaomba baadaye. Mimi hadi leo sisikii harufu ya kitu. Wali unaungua nimekaa kando yake, wajukuu ndio wanaokuja kuniambia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havijarudi.

Uamuzi wa baraza ulikuja kwa barua ya sentensi moja: kwamba baraza limejiridhisha kuwa Sajenti Nehemia hakuwa amelewa. Nilimfuata mwenyekiti, nikamwomba aongeze neno sumu. Aliangalia huku na huku. "Nikiandika sumu, Zuhura, wataniuliza nilijuaje," akasema, na akanisihi nisiseme habari ya ndoo.

Nehemia alistaafu na barua hiyo. Akaniomba niende naye Lumuma Jumapili itakaposomwa, niwe shahidi. Nilikwenda na sare yangu, nikakaa benchi la mwisho, Mwislamu ambaye kanisani nilikuwa nimeingia kwa mazishi tu. Mchungaji akasoma matangazo: mafundisho ya ubatizo, mbuzi aliyepotea, ndoa mbili. Kisha akakunjua barua, akaisoma taratibu, akairudia, akasema mzee wetu amesafishwa na anarudi kwenye nafasi yake. Watu wakapiga makofi. Nehemia akainuka kushukuru, anatetemeka mikono na kichwa, akashindwa kukishika kitabu cha nyimbo, kikaanguka.

Makofi yakakatika. Mkewe, Mama Tabitha, akasimama.

"Mchungaji, samahani. Kwamba hakulewa, mimi nilijua. Lakini mume wangu alitoka hapa mzima. Sasa kikombe hashiki, namnywesha chai kwa kijiko. Kama hakuwa amelewa, alikuwa nini?"

Mchungaji akaigeuza barua. Nyuma hapakuwa na kitu. Akaniangalia mimi, na kanisa zima likageuka kumfuata, kwa kuwa ni mimi tu niliyevaa sare.

Nikasimama, nikashika benchi la mbele.

"Alikuwa kazini, wifi," nikasema.